Haki ya Panya Aliyefungwa

Panya ni miongoni mwa wanyama watano ambao Mtume (S.A.W.) aliruhusu wauawe hata ndani ya Haram ya Makka, kwa hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Hivyo mwanafunzi wa udaktari akiuliza kama panya wa maabara ana haki yoyote juu yake, swali lake si la mzaha.

Jibu linaanzia kwa paka. Kosa la yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu yake lilikuwa kumfunga bila ya kumlisha, wala kumwachia ajitafutie. Kufunga ndiko kulikozaa wajibu. Panya wa ghalani anajitafutia. Wa kizimbani riziki yake iko kwa aliyefunga mlango. Tena ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa: hadithi ya Shaddad bin Aws katika Muslim inaamrisha wema hata katika kuua.

Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria (1262), alizitaja haki hizi katika Qawaid al-Ahkam: mnyama alishwe hata akizeeka au akiugua asinufaishe tena, asichanganywe na wa kumdhuru, na mahali pake pa kulala patengenezwe vizuri. Watunzaji wa maabara wanayajua haya kwa uzoefu, maana panya madume wakichanganywa ovyo hujeruhiana, na bila ya kitu cha kujengea kiota huhangaika kwa baridi.

Uingereza ilitunga sheria ya majaribio ya wanyama mwaka 1876. Mwaka 1959 Russell na Burch walitaka watafiti watafute mbadala, wapunguze idadi na wapunguze maumivu. Umoja wa Ulaya mwaka 2010 ukaagiza sakafu ya kizimba isipungue sentimita za mraba 330. Ama Marekani, sheria ya mwaka 2002 iliwatoa panya wanaozalishwa kwa utafiti katika maana ya neno “mnyama” kwenye Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ingawa utafiti wa fedha za serikali kuu una kanuni zake. Ajabu hiyo! Fuqahaa walimwita panya fasiki, lakini hawakumtoa katika wanyama.

Likizo ya Idi basi haisimamishi nafaka na maji ya kizimbani. Na mwenye mnyama akikataa kumlisha, madhehebu ya Shafi yanampa hakimu uwezo wa kumlazimisha amlishe au amtoe mikononi mwake.