Meli iliyopatikana kwanza kwenye makaratasi

Waliotazama filamu ya Jaws wanamkumbuka Quint, mvuvi anayesimulia mkasa wa USS Indianapolis: mabaharia wanaelea baharini, papa wanawazunguka. Simulizi inasisimua kweli, ila tarehe kaikosea. Yeye anataja Juni. Meli ilizama usiku wa manane, 30 Julai 1945, kwa torpedo mbili za nyambizi ya Kijapani. Siku nne kabla ilikuwa imeshusha vipuri vya bomu la atomiki kisiwani Tinian.

Ilichukua dakika 12 tu kuzama. Kati ya watu karibu 1,200, waliookolewa ni 316. Nahodha McVay akatiwa hatiani kwa kutoipitisha meli kwa kupindapinda, ingawa kamanda wa nyambizi ile mwenyewe alieleza mahakamani kwamba hilo lisingesaidia kitu. McVay alijiua mwaka 1968. Bunge la Marekani likamtakasa mwaka 2000.

Na meli je? Miaka yote hiyo hakuna aliyejua ilikolala. Ndipo mwaka 2016 mwanahistoria Richard Hulver, akipekua kumbukumbu za vita, akabaini kwamba meli nyingine, LST-779, ilipishana nayo kama nusu siku kabla ya shambulio. Eneo la kutafuta likasogezwa magharibi. Agosti 2017 timu ya Paul Allen ikaikuta, mita 5,500 chini.

Roboti ilipiga picha, namba 35 bado inasomeka ubavuni. Meli imeachwa palepale; ni kaburi. McVay hakuwahi kuiona picha hiyo.