Mfereji

Mwambie mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa "funga mfereji", naye atakwenda moja kwa moja kwenye koki. Kwingine mfereji ni mtaro uliochimbwa ardhini. Mombasa ni pale maji yatokapo ukutani. Sisi tumeunganisha njia na mwisho wake, na naliona hilo sawa kabisa, maana maji yetu hutoka mbali, mengine chemchemi za Mzima huko Tsavo.

Wengine husema bomba, neno tuliloachiwa na Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Visima na mabirika tulikuwa navyo kabla yao.

Walimu, msimkosoe mtoto anayesema mfereji. Ni Kiswahili fasaha cha Mvita, yaani Mombasa.