Njia ya Misafara, Njia ya Zeze

Dunda, hapa Bagamoyo, huamka kwa sauti kabla ya mwanga: adhana, kisha injini za boti, kisha watu wa mnada wa samaki wakipaza bei ufukweni. Nimeanzia hapa, penye magofu ya forodha ya Wajerumani, kwa kuwa hapa ndipo njia kuu ya misafara ilipokoma. Anayetaka kuifuata leo huipa bahari mgongo, akapita kati ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe hadi Caravan Serai, walikopumzika wapagazi, kisha akatazama bara. Mbele yake kuna mto Ruvu, milima ya Usagara, Mpwapwa, halafu nyika kavu ya Marenga Mkali. Ukiimaliza Marenga Mkali, umeingia Ugogo, kwao mama yangu.

Mimi nilizaliwa hapa hapa pwani. Kigogo nilikisikia ndani tu, mama akiongea na dada zake sauti ya chini, mlango umefungwa. Mtaani aliongea Kiswahili, na alipokosea neno aliona haya. Nilijua sababu tangu darasa la pili, siku wenzangu waliponizunguka uwanjani wakinyoosha viganja na kuigiza kuomba. Mgogo, kwao, alikuwa mtu wa njaa. Nilikwenda nyumbani nikilia, na mama hakusema kitu. Alinipa maji nikanawa uso.

Laiti ningeijua njia hii siku ile, ningekuwa na la kujibu. Katika karne ya 19 misafara iliyovuka Ugogo ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wake. Walioshika visima katika nchi ile kavu walikuwa Wagogo, na mwenye kisima ndiye mwenye njia. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley akafuata mwaka 1871 akitokea Bagamoyo, nao wote walilipa. Vitabu vyao vinalalamikia hongo hiyo kurasa kwa kurasa. Mimi nayasoma malalamiko hayo kama ushahidi wa watu waliokuwa na nchi, sheria na heshima yao.

Njaa ilikuja baadaye, na ukame haukuileta peke yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na kisha Waingereza walichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo kulisha majeshi, wakawachukua na wanaume kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mazizi yako wazi. Wazee waliuita wakati huo Mtunya. Watu walikufa kwa maelfu, na waliobaki wakatawanyika kutafuta chakula. Hivyo jina lililokuwa likitoza hongo likageuzwa kuwa jina la ombaomba.

Kwa njia hiyo hiyo ya misafara, ingawa kwa vyombo vya zama nyingine, alikuja mwanamuziki Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doday, Dodoma. Baada ya Uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam kupiga muziki wa kwao kwa niaba ya taifa jipya. Baadaye akahamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa, kinachoitwa sasa TaSUBa, kilifunguliwa mwaka 1981. Alikuja na zeze, na ilimba kubwa, marimba ya mkono yenye vyuma vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu nikiwa mtoto, na sauti iliyoshuka hadi kifuani na kupanda hadi ikawa kama ya ndege.

Jioni moja mama alinituma dukani, kisha akaamua kuja nami. Tulipokaribia chuo tulisikia ilimba. Mama alisimama. Akaweka kikapu chini, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, na wimbo ulipoisha akaitika kwa Kigogo, kwa sauti, barabarani, watu wakipita. Sikuwahi kumsikia akifanya hivyo. Tangu siku ile, kila aliponiamsha asubuhi alinisalimu "Mbukwa", nami nikaitikia.

Miaka iliyofuata ilimpeleka Zawose mbali. Albamu yake ya Chibite ilitoka mwaka 1996 chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki wa roki wa Uingereza, Peter Gabriel. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka huo huo, yeye na mpwa wake Charles Zawose walifuatana na Gabriel katika ziara yake, wakapiga zeze na ilimba mbele ya umati uliokuja kusikiliza roki. Kwetu sisi wa Ugogo tunaoishi ugenini habari hiyo ilikuwa kubwa mno. Mtu wa kwetu alipanda jukwaa lile na njuga zake miguuni, akaimba kwa lugha ambayo mama zetu waliifungia ndani.

Hata hivyo, fahari ilikuja na maswali. Nilipoisikiliza Assembly kwa mara ya kwanza, nilitafuta pumzi ya mzee katikati ya gitaa na mitambo, nikahofu kwamba dunia ingemkumbuka kama pambo la muziki wa watu wengine. Tena nikajiuliza: mtu mmoja akiwa ndiye Ugogo wote machoni pa dunia, wakulima wa uwele na akina mama wa ngoma ya muheme wamebaki wapi?

Swali hilo si letu peke yetu. Waarmenia waliotawanywa na mauaji ya kimbari yaliyoanza mwaka 1915 wanalijua vizuri. Wana wao wanne wa kundi la roki la System of a Down, lililoanzia California, waliipaza habari ya mauaji hayo kwa vijana ambao hawakuwahi kuisikia. Tarehe 23 Aprili 2015, mkesha wa kutimiza miaka 100, walipiga bure katika uwanja mkuu wa Yerevan, mvua ikinyesha. Naielewa fahari ya mzazi wa Kiarmenia aliyeko ugenini usiku ule. Naelewa pia akitamani mwanawe ajue kwamba Uarmenia ni mkate, maombi na hadithi za bibi, wala haukuanza na gitaa.

Na ng'ambo ya bahari hii ninayoitazama, Unguja, alizaliwa mwaka 1946 Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi ambaye dunia ilimjua kama mwimbaji Freddie Mercury. Familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, naye hakupenda kuongelea asili yake. Mwaka 2006 kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kilipinga sherehe ya kumkumbuka Zanzibar; mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani. Wapo wanaomtajia methali ya mkataa kwao. Mimi siwezi. Nilimwona mama yangu akificha lugha yake, na najua kwamba mtu huficha kwao kwa sababu amechoka kuumizwa. Freddie alipofariki mwaka 1991, makuhani wa Kizoroasta ndio waliomsomea. Kwao hawakumkataa.

Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003, hapa Bagamoyo, na Charles akamfuata mwaka uliofuata. Nilidhani njia imefungwa. Lakini mwaka 2024 binti yake, Pendo, na mjukuu wake, Leah, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Kwa desturi ya Kigogo zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Wanawake walikuwa na ngoma zao. Sasa wanawake wawili wa Bagamoyo wamevishika mbele ya dunia. Atakayesema wameiharibu mila aulize kwanza nani angeipiga kama wao wasingekuwepo.

Nilimpelekea mama rekodi yao. Amezeeka, lakini sikio lake bado ni kali. Alisikiliza, akaniambia nirudie wimbo wa pili. Nikamuuliza kama anaona wanatuwakilisha vema.

"Mwanangu," akasema, "kwetu haimbi mtu mmoja. Mmoja huanza tu."

Nimekuwa nikiyabeba maneno hayo njia nzima ya kurudi Dunda. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye ngoma ya Kigogo anajua ukweli wake: sauti moja hutangulia, ya pili huishika kwa juu, ya tatu huingia chini, na kila mmoja hubaki na sauti yake bila kumfuta mwenzake. Kiongozi akiimba na asiitikiwe, huo bado si wimbo. Zawose alianza mbali sana, mbele ya watu wasiojua maneno yake. Aliyeimba hivyo hakukosea, na hatuna haki ya kumdai atubebe wote. Deni liko kwetu tulioachwa kuitikia.

Ufukweni mnada umekwisha na mchanga unaoshwa na maji. Kijana mmoja mchuuzi amesimama na ndoo yake tupu. Lafudhi yake naijua. Sijawahi kufanya hivi mbele ya watu, lakini namsalimu kwa sauti: "Mbukwa!"

Anageuka upesi. Anatazama huku na huku, kama mama alivyokuwa akifanya. Kisha anaitikia.