Ndege Kuukuu, Bei na Kura: Sababu za Kubadilisha Ndege za Kivita nchini Uswisi, 1958–2025

Maandishi mengi kuhusu majeshi ya anga huichukulia sababu ya kubadilisha ndege za kivita kuwa jambo lisilohitaji maelezo: ndege huzeeka, hivyo hununuliwa nyingine. Makala haya yanaihoji dhana hiyo kwa kutumia historia ya Uswisi, nchi ambayo msimamo wake wa kutoegemea upande wowote ulitambuliwa na mataifa makubwa ya Ulaya mwaka 1815. Uswisi imeteuliwa kwa sababu moja. Mahali pengine uamuzi wa aina hii hufanyika katika ofisi za wizara, na mtafiti huambulia taarifa rasmi tu. Kwa Waswisi umepelekwa kwenye kura ya wananchi mara tatu, yaani mwaka 1993, 2014 na 2020, na kila mara serikali ililazimika kueleza hadharani kwa nini ndege za zamani hazifai tena.

Ni vyema kuanza na uzee wenyewe. Umri wa ndege ya kivita hauhesabiwi kwa miaka bali kwa saa za kuruka na kwa mzigo ambao kiunzi chake hubeba. Rubani anapokata kona kali, mabawa hupinda na kurudi. Baada ya maelfu ya mipindo hiyo nyufa huanza kujitokeza. Ndege za F/A-18 Hornet za Uswisi zilikadiriwa kudumu saa 5,000. Serikali ilipoona kwamba mrithi wake amechelewa, ilitoa fedha za kuimarisha viunzi ili zifike saa 6,000 na kutumika hadi takriban mwaka 2030. Hii ina maana kwamba uzee, kwa kiasi fulani, hununulika. Ndege haifi siku moja. Kuna watu wanaoamua kwamba gharama ya kuendelea kuiuguza imepita faida yake. Hoja ya makala haya ni kwamba uamuzi huo hutegemea sana kama wananchi wanaiamini hesabu wanayoletewa, na kwamba nchini Uswisi imani hiyo ilijeruhiwa mapema.

Katika miaka ya 1950 Waswisi walitarajia kujitengenezea ndege yao, P-16. Mnamo Machi 1958 zilikwisha kuagizwa 100. Muda mfupi baadaye ndege ya majaribio ilitumbukia katika ziwa Constance, ikiwa ya pili kupotea katika ziwa hilo, na agizo likafutwa. Badala yake zilinunuliwa Hunter 100 kutoka Uingereza. Hunter zilikuwa imara, lakini enzi ya ndege zinazopita mwendo wa sauti ilikuwa imefika, na jeshi likaitazama Mirage III ya Ufaransa.

Mwaka 1961 Bunge liliidhinisha faranga milioni 871 kwa Mirage 100 ambazo zingeundwa nchini kwa leseni. Jeshi halikuitaka ndege kama ilivyouzwa. Rada na mitambo ya kuelekeza silaha iliagizwa Marekani. Kiunzi kikaimarishwa ili ndege iweze kuinuliwa kwa winchi ndani ya mahandaki yaliyochimbwa milimani. Kila badiliko lilizaa jingine. Mwaka 1964 Baraza la Shirikisho lilirudi Bungeni kuomba faranga milioni 576 zaidi. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Kurt Furgler, na kamati hiyo ikaonesha kwamba wabunge walipewa picha iliyopambwa tangu mwanzo. Ndege zikapunguzwa kutoka 100 hadi 57. Wakuu wa jeshi waliohusika waliondoka, na waziri wa ulinzi, Paul Chaudet, akaachia nafasi yake mwaka 1966.

Wanahistoria wa Uswisi hulitazama sakata la Mirage hasa kama chanzo cha uwezo wa Bunge kuichunguza serikali. Kwa mada hii lina uzito mwingine: tangu hapo swali la kwanza kuhusu ndege mpya halikuwa kama ya zamani imechakaa, bali kama bei iliyotajwa ni ya kweli. Athari yake ilionekana mwaka 1972, pale serikali ilipozipima ndege za Marekani na Ufaransa kwa miaka kadhaa kisha ikaamua kutochagua yoyote. Zikaongezwa Hunter 60 zilizokwisha kutumika kwingine. Baadaye zilikuja F-5 Tiger 110, ndege nyepesi na nafuu ambayo haikumtisha mlipa kodi.

Hunter na Mirage zilipokaribia mwisho, serikali ilichagua F/A-18, ndege 34 kwa takriban faranga bilioni 3.5. Wakati huo Vita Baridi vilikuwa vimekwisha. Mwaka 1989 zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura walikuwa wameunga mkono pendekezo la kulivunja jeshi lote. Kwa kuwa sheria haikuruhusu kura dhidi ya ununuzi wa silaha, wapinzani waliandaa pendekezo la kubadilisha katiba ili ndege mpya zipigwe marufuku hadi mwaka 2000, na katika muda wa mwezi mmoja hivi wakakusanya saini takriban nusu milioni. Hata hivyo, tarehe 6 Juni 1993 asilimia 57 walilikataa pendekezo hilo. Kampeni ilikuwa imegeuka kuwa kura juu ya uhai wa jeshi, na kwa swali hilo wengi walisimama na jeshi.

Mwaka 2014 mambo yalikwenda kinyume, nayo ndiyo kura inayoisumbua zaidi nadharia ya uchakavu. Tiger zilizobaki, 54, hazikuweza kupigana usiku wala katika hali mbaya ya hewa. Hakuna aliyebisha kwamba zilikuwa kuukuu. Serikali iliomba faranga bilioni 3.1 kwa Gripen 22 za Uswidi, ambazo ripoti za majaribio zilizovuja zilikuwa zimeziweka nyuma ya washindani wake. Tarehe 17 Februari, miezi mitatu kabla ya kura, rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines aliyekuwa akitoka Addis Ababa kwenda Roma aliiteka ndege yake mwenyewe na kuitua Geneva alfajiri. Ilisindikizwa na ndege za kivita za Italia na Ufaransa. Za Uswisi zilikuwa bandani, kwa sababu jeshi la anga lilifanya kazi kwa saa za ofisi. Dunia ilicheka, lakini tukio hilo lilidhihirisha upungufu wa watu na zamu, si uzee wa mabawa. Hornet zilikuwepo. Mei 18, asilimia 53.4 ya wapiga kura walizikataa fedha za Gripen. Ulinzi wa anga wa saa 24 ulikamilika mwishoni mwa 2020, kwa ndege zilezile.

Serikali ilijifunza kutokana na kushindwa huko, ingawa kwa namna inayozua maswali. Mwaka 2020 iliwauliza wananchi kuhusu kiwango cha juu cha faranga bilioni 6 bila kutaja aina ya ndege. Hivyo hakuna aliyeweza kuipinga ndege fulani kwa udhaifu wake. Tarehe 27 Septemba ombi lilipita kwa asilimia 50.1, tofauti ya kura zisizofika 9,000. Juni 2021 zikateuliwa F-35A 36 za Marekani. Wapinzani walikusanya tena saini zaidi ya 100,000, lakini mkataba ulitiwa sahihi Septemba 2022 kabla pendekezo lao halijapigiwa kura, nao wakaliondoa.

Katika miaka hiyo yote maofisa walirudia kwamba bei ilikuwa imefungwa. Juni 2025 Baraza la Shirikisho lilitangaza kuwa Marekani inaichukulia bei hiyo isiyobadilika kuwa ni kutoelewana, na kwamba gharama za ziada zingeweza kuwa kati ya faranga milioni 650 na bilioni 1.3. Mbele ya serikali zilisimama njia zilezile za mwaka 1964, kuongeza fedha au kupunguza ndege, huku saa za Hornet zikiendelea kuhesabiwa.