Mnara wa Chumbe na Walinzi Wasio na Bunduki

Disemba 2024 ilitimia miaka 30 tangu Serikali ya Zanzibar ilipoitangaza miamba ya matumbawe ya Chumbe kuwa hifadhi, na msomaji wa Entarara, kwetu Kajiado nchini Kenya, aliyezoea mbuga na mifugo, huenda akauliza kisiwa cha hekta 22 hivi, kilichoko kusini-magharibi ya mji wa Unguja, kinamhusu nini. Nami namwomba subira.

Mnara wa taa ulisimamishwa na Waingereza mwaka 1904. Mwaka 1926 ukatiwa mtambo wa gesi wa kampuni ya AGA ya Uswidi, na hapa inafaa kutua, kwa kuwa bingwa wa kampuni hiyo, Gustaf Dalén, ndiye aliyebuni vali yenye ufito mweusi katikati ya fito zilizong'arishwa: jua lichomozapo, ule mweusi hunywa mwanga, hupata joto na kurefuka, ukaifunga gesi, magharibi iingiapo hunywea na kuifungua, taa ikawaka pasipo mkono wa mtu. Kwa maarifa hayo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, ilhali mwaka uo huo mlipuko wa gesi ulikuwa umekwisha kumpofusha. Naye, maskini, akaiongoza kampuni yake gizani hadi alipofariki mwaka 1937.

Matumbawe ya upande wa magharibi yalisalimika kwa kuwa wavuvi walizuiliwa kukaa katika mkondo wa meli zilizoongozwa na mnara huo. Miaka ya 1990 Mjerumani Sibylle Riedmiller akaanzisha hifadhi ijitegemeayo, na wavuvi wa vijiji jirani wakafundishwa ulinzi bila ya kupewa silaha: mwenzao akivuka mpaka, huendewa kwa mashua, akasalimiwa kwa adabu, akaelezwa kwamba samaki wazaliao humo ndio watakaotoka na kuingia katika nyavu zake. Wageni hulala katika vibanda saba tu, ambavyo mapaa yake hukinga maji ya mvua, na ada zao ndizo zigharimiazo walinzi na ziara za wanafunzi wa Unguja.

Nasi Kajiado tulilijaribu jambo la jinsi hii, wenye ardhi wa Kitengela walipoanza mwaka 2000 kulipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili waiache wazi njia ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi. Walakini fedha ile ilitoka kwa wafadhili. Viwanja vikakatwa, seng'enge zikavutwa, nyumbu wakapungua mno. Sioni kwa nini kaunti yetu isiwapeleke vijana wetu wa doria Chumbe, wakakae na wavuvi wale na kuuliza hesabu zao zinavyokwenda.