Waliojaribu M-Pesa kabla yetu

Vijana wenzangu, sisi wa Kizuka, kule Rumonge, tunajua: mtumbwi mpya haubebi watu kabla haujajaribiwa majini. Programu nayo ni hivyo hivyo.

Oktoba 2005, huko Kenya, M-Pesa ilijaribiwa na watu wasiofika 500, Nairobi na Thika. Ililengwa kwa kulipia mikopo. Lakini wao wakaanza kutumiana pesa! Watengenezaji wakaona, wakaibadilisha, na Machi 2007 ikafunguliwa kwa wote.

Ndiyo kazi ya mpima programu: kuona mtu wa kweli anaitumiaje. Kwa hiyo fomu ya simu ikikataa jina lako hapa kambini, usinyamaze. Andika ulibonyeza nini, ikajibu nini, uwape wahusika. Hapo umeshaanza kazi.