Kutoka Rabai Hadi Jubilii Yetu: Tumejifunza Nini Kuhusu Uinjilisti?



Leo tunapoadhimisha miaka 25 ya kwaya yetu, huenda wengi wanatazamia historia hii ianze na majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya na sare tulizobadilisha. Hayo yamo katika kurasa zinazofuata. Sisi tuliombwa tuandike kuhusu lengo la kwanza katika katiba yetu, yaani kueneza Injili kwa nyimbo. Habari hiyo hatuwezi kuieleza bila kuanzia Rabai, mahali ambapo wengi wetu hupapita tu ndani ya matatu.

Waliotutangulia

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society (CMS), alifika Mombasa mwaka wa 1844 akiwa na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, ya kumtambulisha kwa wenyeji. Kwa hiyo mwanzo wa kanisa letu ulitegemea ukarimu wa mtawala Mwislamu. Tulikumbuke hilo kila tunapoelekeza spika zetu kwenye nyumba za majirani.

Mwaka huohuo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki. Krapf hakurudi kwao. Mwaka wa 1846 aliungana naye Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa karibu na kufa. Baada yake alifuata Abe Gunja. Rebmann alikaa miaka 29, akaondoka mwaka wa 1875 macho yake yakiwa karibu kupofuka kabisa, na waongofu bado walikuwa wachache.

Kwa hesabu za mikutano ya siku hizi, hao tungesema wameshindwa. Lakini walikuwa wamekaa na watu na kujifunza lugha zao. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kanisa lilikuaje basi? Wale waliokombolewa utumwani ndio waliobeba kazi. Baadhi yao walikuwa wamelelewa India, wakarudishwa pwani hii kusaidia misheni. Mwaka wa 1875 kijiji cha Freretown kilikuwa kimeanza kuwapokea walioachiliwa huru, na kengele yake ndiyo iliyopatia Kengeleni jina lake. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington aliwatawaza William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Jones, aliyewahi kuwa mtumwa, ndiye aliyeongoza kazi Rabai.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Watoro walikimbilia Rabai, na wenye watumwa wakawadai. Wakubwa wa misheni walihofia ugomvi, lakini mlango wa Rabai ulikuwa umeshafunguliwa. Mwanzoni mwa 1889, baada ya wenye watumwa kulipwa fidia, watoro zaidi ya 1,000 waliokuwa katika vituo vya misheni walipata hati za uhuru. Watu walikuja kanisani kwa sababu huko walipata mahali pa kulala, shamba la kulima na mtu wa kuwaita ndugu.

Daftari letu

Sasa tuseme yetu, kwa sababu jubilii bila toba ni sherehe tu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda safari ya uinjilisti ya siku mbili huko bara ya kaunti yetu. Tuliimba vizuri, vumbi likatimka, watu 41 wakainua mikono. Tuliandika majina yao kwenye daftari, tukapiga picha, tukarudi. Jumapili iliyofuata tulitangaza idadi hiyo mkapiga makofi. Daftari likaingia kwenye kabati la katibu, likakaa humo mwaka mzima na zaidi.

Tulirudi kule kwa sababu nyingine: tulitaka kurekodi video. Mama mmoja mzee akaja tulipokuwa tunavaa sare, akatuuliza, "Wanangu, mliondoka na majina yetu. Mliyapeleka wapi?" Hakuna aliyemjibu. Video ile hatukuimaliza.

Tangu siku hiyo wanakwaya wachache huenda huko kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, bila spika wala sare. Katika wale 41, wengi walikuwa tayari ni washiriki wa makanisa mengine. Hao tuliwaacha makwao, maana kuhamisha kondoo kutoka zizi hili hadi lile si kuongeza kundi. Wawili tuliambiwa wamefariki. Tulikuwa na majina yao na hatukuwazika. Leo watu 14 hukutana chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, ibada inakatika.

Tunakoelekea

Tusifiche kwamba kamati yetu imegawanyika kuhusu sadaka ya leo. Wengine wanasema spika zetu zimechakaa na vijana wanavutwa na muziki mzuri. Ni kweli, na baadhi yetu tuliokoka tukivutwa na kwaya hii. Wengine wanasema mabati ya wale 14 yatangulie. Baada ya mikutano mitatu tumekubaliana tuwaletee ninyi, washiriki, jambo hili mbele ya Mungu. Kutakuwa na vikapu viwili, na kila mtu atatoa anavyoongozwa.

Sisi tunaoandika hatuna kinyongo na spika. Tunachoomba ni kwamba kuanzia leo, katika ripoti ya kila safari, tusisome tena idadi ya mikono iliyoinuliwa. Tusome ni nyumba ngapi tulizorudia, nani aliugua na nani alimtembelea. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba anayekuza ni Mungu. Kazi ya kupanda na kumwagilia aliwaachia watu, na anayemwagilia hana budi kurudi shambani.

Daftari lile liko leo kwenye meza karibu na mlango. Mkitoka, someni majina. Anayetaka kwenda nasi Jumamosi ya kwanza, aandike lake chini yake.

Mungu awabariki.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote